Mkuu wa Jiji la Roma: Dhamana Bila Funguo



Katika karne ya 4, familia za maseneta zilikitamani sana cheo cha mkuu wa Jiji la Roma, kwa Kilatini praefectus urbi. Aliyekishika aliongoza vikao vya Seneti na kusikiliza rufani, na mamlaka yake ya kimahakama yalifika hadi jiwe la maili la 100 kutoka jijini. Chini yake walikuwapo wasimamizi wa chakula, zimamoto, mifereji ya maji na Mto Tiber. Hoja yangu ni kwamba bwana mkubwa huyu alibeba dhamana ya mambo ambayo funguo zake zilikuwa mikononi mwa wengine.

Chukua mkate. Waliostahili walipewa bure, lakini ngano yake ilitoka Afrika ya Kaskazini, ikavushwa kwa merikebu. Mkuu wa Jiji hakuwatawala wakulima wa huko, sembuse pepo za bahari. Hata hivyo, shehena ikichelewa, aliyezomewa ni yeye. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus anasimulia yaliyompata Tertullus, aliyeteuliwa mwaka 359. Dhoruba zilizuia merikebu, watu wakachachamaa. Tertullus akawatoa wanawe wadogo mbele ya umati: hawa nao ni wenzenu, njaa ikija itawakumba pia, kama kuwadhuru kutawafaa, wachukueni. Umati ukapoa. Baadaye, alipokuwa akitoa kafara bandarini Ostia, bahari ikatulia. Ammianus hataji hatua nyingine yoyote, na nadhani ni kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kuchukua.

Si wote waliostahili huruma. Lampadius, aliyeshika cheo mwaka 365, alipenda kuandika jina lake kwenye majengo ya watangulizi wake kana kwamba ndiye aliyeyajenga. Alipohitaji chuma na madini ya risasi kwa ujenzi, watumishi wake walijifanya wanunuzi, wakachukua mali bila kulipa. Maskini waliodhulumiwa nusura waichome nyumba yake. Majirani na watumwa waliwafukuza kwa mawe na vigae kutoka mapaani, huku mwenyewe akikimbilia kwenye daraja la Milvius.

Symmachus, mkuu wa Jiji mwaka 384, ametuachia taarifa 49 alizowapelekea wafalme. Watu huikumbuka ile ya kuomba madhabahu ya Ushindi, mungu wa kike wa Kirumi, irudishwe Seneti, lakini mimi navutiwa zaidi na zile za kawaida: mvutano wa wahandisi kuhusu gharama za daraja, au ombi lake kwamba gari la kifahari la mkuu wa Jiji liondolewe kwa kuwa raia hawalipendi. Karibu kila jambo lilisubiri neno kutoka Milano, kwenye baraza la mfalme kijana Valentinian II. Aliposingiziwa kuwatesa Wakristo, ilimbidi ajitetee kwa ushahidi wa Damasus, askofu wa Roma mwenyewe. Na rafiki yake Praetextatus alipofariki mwishoni mwa mwaka huohuo, Symmachus aliandika tena Milano, safari hii akiomba aachiliwe kazi.