Ukoo wa Jeni Unaolainisha Nyanya

Nyanya inayoiva hailainiki kwa sababu imeanza kuoza. Kuiva ni kazi, na wafanyakazi wake ni vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni hizo mara nyingi huwa na ndugu. Jeni moja ya kale ilitoa nakala, nakala zikabadilika kidogo kidogo, mpaka ukatokea ukoo mzima. Ndugu hao hufanana kwa umbo, ila mmoja huamka mzizini, mwingine kwenye ua, na mwingine huamka ndani ya tunda tu, tena likishakomaa.

Ukoo unaotangulia ni ule unaosaidia kutengeneza gesi ya etilini. Nyanya ikiwa mbichi, etilini hutoka kidogo sana. Ikikomaa, jeni mbili za ukoo huo, ACS2 na ACS4, hushika zamu, na etilini inayotoka huchochea nyingine zaidi. Kwenye ndizi pia gesi huita gesi, ndiyo maana mkungu uliovundikwa shimoni huiva kwa pamoja. Moshi unaopulizwa humo nao una etilini.

Etilini huamsha koo nyingine. Upo wa kuvunja wanga: ndizi mbichi ina wanga karibu sehemu ya tano ya uzito wa nyama yake, na ikiiva hubaki asilimia moja au mbili tu, nyingine imekwisha kuwa sukari. Zipo pia za kukata pektini, gundi inayoshikanisha seli. Kidole kinachozama kwenye nyanya mbivu kinapita palipokuwa na gundi hiyo.

Hapa ndipo wataalamu walipoteleza. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya Marekani iliingiza sokoni nyanya ya Flavr Savr, iliyodhoofishwa jeni ya kimeng'enya kimoja cha pektini, poligalakturonesi. Haikuoza upesi, lakini ililainika karibu kama kawaida, kwa kuwa vimeng'enya vingine viliendelea kuumega ukuta wa seli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walitangaza kwamba wamezima jeni ya kimeng'enya kingine, pektati liesi. Nyanya hizo zilikuwa nyekundu kama kawaida, na bado zilikuwa ngumu.