Mtoto wa Oldeani katika Bunge la Kanada



Nimeombwa niseme machache juu ya mhamiaji na dhamana ya uongozi. Hapa Kidichi mada hii si ngeni. Mkarafuu uliletwa Unguja kutoka ng'ambo, na hamamu yetu mashuhuri Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi. Leo nani huviita vya kigeni?

Deepak Obhrai alizaliwa mwaka 1950 huko Oldeani, karibu na Ngorongoro, katika jamii ya Wahindu wa Tanganyika. Mwaka 1977 alihamia Kanada, akaweka makazi Calgary. Mwaka 1997 wapiga kura wa mashariki ya mji huo walimpeleka bungeni. Walimchagua mara saba mfululizo, akawatumikia miaka 22, hadi alipofariki Agosti 2019.

Mtihani wake mkubwa ulitoka ndani ya chama chake cha Conservative. Mwaka 2016, katika kuwania uongozi wa chama, mgombea mwenzake alipendekeza wahamiaji wachujwe kwa kupimwa kama wanazikubali tunu za Kanada. Obhrai, naye akiwa mgombea, alilipinga jambo hilo hadharani. Kura za Mei 2017 hazikumtunza: katika duru ya kwanza alipata chini ya asilimia 1. Mwenye pendekezo alimzidi mbali, ingawa naye hakushinda. Obhrai alirudi katika kiti chake, akaendelea na kazi ya waliomtuma.

Nasi tunao mfano wetu. Sophia Mustafa, mzaliwa wa India, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa uchaguzi wa 1958, akitoka Jimbo la Kaskazini, kule kule alikozaliwa Obhrai. Utaratibu wa kikoloni ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Viti viligawanywa kwa rangi. Lakini TANU ilimuunga mkono, na kura za Waafrika zikamfikisha barazani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyepewa jembe amepewa pia haki ya kusema shambani. Basi tujiulize pande zote mbili. Majirani, mwenzetu mwenye asili ya mbali anapogombea udiwani au uwakilishi, tunauliza amefanya nini, au babu yake alishuka na jahazi gani? Nasi wenye asili ya India, je, tunajitokeza katika kamati za skuli na mikutano ya shehia, au tunalalamika tukiwa nyuma ya kaunta za maduka yetu?

Jembe tumekwisha kupewa. Tulime pamoja.