Mbio Zikiisha, Kunabaki Nini?

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kiplombe)

 

Kila asubuhi hapa Kiplombe tunaona vijana wakipita mbio barabarani. Ni jambo la kujivunia. Lakini tuseme kweli: ziko nyumba ambazo zimeweka tumaini lote katika miguu ya mtoto mmoja. Ng'ombe anauzwa, viatu vinanunuliwa, halafu wote wanakaa kungoja. Je, mguu ukiumia? Na hata akishinda, atakimbia miaka mingapi?

Hebu tumtazame Mzee Kipchoge Keino, ambaye sisi wa Eldoret tunamhesabu kuwa wetu. Alizaliwa Nandi mwaka 1940, akafiwa na wazazi angali kijana, akalelewa na shangazi yake. Akaingia polisi, na huko akaendelea kukimbia. Mwaka 1968 kule Mexico alikuwa mgonjwa wa nyongo. Akaanguka katika mbio za mita 10,000, na madaktari wakamwambia aache. Hakuacha. Alishinda dhahabu ya mita 1,500, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali. Mwaka 1972 kule Munich akapata dhahabu nyingine, ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku zile Olimpiki haikumruhusu mtu anayelipwa kwa kukimbia. Mwaka 1973 Keino alijiunga na wakimbiaji wa kulipwa huko Marekani, na mlango wa Olimpiki ukafungwa. Chama kile cha kulipwa nacho kikafa mwaka 1976. Hapo hata miaka arobaini hakuwa amefika.

Je, alikaa tu akihesabu medali? La. Yeye na mkewe Phyllis, aliyekuwa muuguzi, walilea watoto yatima nyumbani kwao. Shamba lao, liitwalo Kazi Mingi, likasaidia kuwalisha. Mwaka 1999 shule ya msingi ikafunguliwa, na mwaka 2009 ya sekondari. Mwaka 2016 kule Rio, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilimpa tuzo ambayo hakuna aliyewahi kuipata kabla yake. Na haikuwa ati kwa sababu ya mbio. Ilikuwa kwa ajili ya watoto wale na elimu yao.

Ndugu zetu, mbio ni kama mvua ya msimu. Ikinyesha, panda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, jadilianeni haya:

1. Mtoto wetu akishinda pesa, ni nani atakayeziandika, na shamba litaandikwa kwa jina la nani?

2. Yule asiyeshinda, tumemfundisha kazi gani nyingine?

3. Kikundi chetu kinaweza kuanza nini mwaka huu, bila kungoja mshindi?