Juma la Kazi la Mwakilishi wa Wadi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Chama imetutaka tueleze jinsi sisi wawakilishi wa wadi tunavyolitumia juma letu la kazi. Ombi hilo tulilipokea kwa moyo mmoja, ijapokuwa twajua limetokana na lalamiko. Wako wanachama wasemao ya kuwa mwakilishi huonekana wakati wa kuomba kura, kisha huonekana tena mazishini. Hatukuja kubishana na neno hilo. Tumekuja kueleza ni kwa nini mazishini twaonekana sana na mahali penginepo haba, na ni hasara gani ipatikanayo kwa sababu hiyo katika nchi hii yetu ya chai.

Yafaa kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Baraza la Wenyeji liliundwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Disii mwenyewe. Likafuatwa na Baraza la Wilaya la Waafrika baada ya sheria ya 1950, ambalo wazee wachache waliomo humu wanalikumbuka kwa macho yao. Kisha, baada ya Uhuru, likaja Baraza la Kaunti ya Kipsigis na madiwani wake. Mabaraza hayo yalikoma mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti zilizoundwa na Katiba ya 2010. Kericho ikapata wadi 30 na Bomet wadi 25. Wengi hapa bado hutuita madiwani, nasi twaitikia, lakini kazi imegeuka.

Kwa Katiba hiyo tumepewa kunena kwa niaba ya wadi, kutunga sheria za kaunti, na kuichungua serikali ya kaunti katika matumizi ya fedha. Tazameni vema, wazee: katika hayo hakuna hata moja lihusulo kugawa fedha kwa mkono. Ufunguo wa hazina hatunao. Barabara haijengwi na mwakilishi. Hujengwa na serikali ya gavana, kwa fedha ambazo sisi tumezipitisha au tumekataa kuzipitisha.

Siku ya Jumatatu Bunge la Kaunti halina kikao, basi ndiyo siku ya nyumbani. Kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba, watu wamekwisha kuketi langoni, nasi hatuna budi kuwasikiliza mmoja mmoja, maana kwa desturi yetu mtu aliyefika mlangoni hafukuzwi. Mzazi ameshika barua ya mwanawe ya kuingia kidato cha kwanza. Kijana amezuiliwa pikipiki yake kituo cha polisi. Mjane ameambiwa na shemeji zake ya kuwa shamba si lake. Mzee amekuja na karatasi yake ya malipo ya majani ya chai, aulize mbona jirani wa kiwanda kingine amelipwa zaidi. Katika hao wanne hakuna hata mmoja ambaye shida yake imo mikononi mwa kaunti. Shule za sekondari ni za Serikali ya Taifa. Polisi hali kadhalika. Hati za ardhi na mahakama vilevile. Na kiwanda ni cha wakulima wenyewe. Yaliyo ya kaunti ni zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, kilimo na barabara ndogo. Lakini ni nani ajaye langoni saa kumi na mbili alfajiri kuuliza mbona zahanati haina dawa ya shinikizo la damu? Ni mara chache sana.

Kuhusu karo yatupasa tuongeze neno, kwa maana lilileta uchungu. Kaunti zilizoea kutoa basari, na majina yalipitia wadi. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizikumbusha kaunti ya kuwa elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu ni kazi ya Serikali ya Taifa, na ya kuwa hazina ruhusa kuilipia pasipo mapatano rasmi baina ya serikali hizo mbili. Shauri likafika mahakamani. Wakati huo wazazi walikuwa langoni mwetu, si langoni mwa Mdhibiti, na wengi waliondoka wakiamini ya kuwa fedha zao tumezila.

Na kuhusu chai tuseme zaidi, kwa kuwa ndiyo itulishayo. Makampuni makubwa yalianza kuipanda Kericho katika miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Kwa miaka mingi mtu wetu aliichuma chai ya wengine kabla hajaruhusiwa kupanda yake; mlango huo ulifunguliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwasimamia wakulima wadogo, lile lijulikanalo kwa jina la KTDA. Tangu mwaka 2000 ni kampuni iliyo mali ya viwanda vya wakulima. Majani huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, na mkulima hulipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi ikaja Oktoba. Bonasi ya Oktoba 2025 iliposhuka, wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana, wakiuliza mbona wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa walipata zaidi. Swali hilo ni la haki. Lakini mwakilishi wa wadi hana kiti katika halmashauri ya kiwanda. Mwenye kura ya kumchagua mkurugenzi ni mkulima mwenye hisa. Twawashangaa watu wajao kutuuliza hesabu za kiwanda, na siku ya kuwachagua wakurugenzi hawakuonekana.

Kuna jambo jingine la chai ambalo huletwa langoni kwa sauti ndogo, na aghalabu huletwa na akina mama. Mama huchuma, hubeba kikapu hadi kituo cha kupimia, hungoja lori hata jioni. Lakini namba ya mkulima ni ya mume, na fedha huingia katika akaunti ya mume. Iwapo mume ni mtu wa nyumbani, hakuna neno. Iwapo sivyo, watoto hurudishwa kutoka shule mwezi uleule wa bonasi. Sheria ya kaunti haiwezi kuliponya jambo hili. Wazee wa kokwet wanaweza, maana hakuna sheria imzuiayo mzee kumgawia mkewe mistari ya michai na kumwandikisha kwa namba yake mwenyewe.

Wale waliokuwa vibarua katika mashamba makubwa nao wana kilio chao cha mashine za kuchuma. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho. Hasira ile twaielewa, maana mashine moja huwatoa watu wengi kazini kwa siku moja. Hata hivyo aliyepoteza kazi yake hakuirudishiwa na moto ule. Yaliyo mikononi mwa kaunti ni vyuo vya ufundi vifundishe kazi yenye wateja, na kilimo kipate maafisa wa kutosha wa kutembelea mashamba. Ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 2011, ulitufundisha jinsi mkulima anavyopotea akikosa mtu wa kumwuliza.

Jumanne hata Alhamisi tuko mjini, vikaoni na katika kamati. Sehemu hii ya juma haionekani na mtu, wala haina nyimbo. Ni kusoma makaratasi: makadirio ya fedha, ripoti za Mkaguzi Mkuu, miswada. Wengine husema twalala huko. Lakini wazee wakumbuke ya kuwa kura moja humo yaweza kuwa na uzito mkubwa. Oktoba 2024 Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumwondoa gavana; wajumbe 31 kati ya 47 waliunga mkono, na theluthi mbili zilihitaji 32. Shauri likaangukia hapo katika Seneti. Hatusemi ni nani aliyekuwa na haki. Twasema ya kuwa mtu mmoja alitosha kuligeuza.

Ijumaa ni siku ya kutazama kazi katika wadi, na hapa barabara ndizo zitusumbuazo kuliko yote. Majani mabichi hayangoji. Yakichumwa asubuhi, sharti yafike kiwandani siku hiyohiyo. Mvua za masika zinyeshapo, lori hukwama kabla ya kituo, majani hupata joto ndani ya magunia, yakageuka rangi, na mkulima hurudi nayo nyumbani akayamwage. Humwona mwakilishi akipita, akamwonyesha lile gunia. Basi twaanza kuuliza: barabara hii ni ya nani? Barabara kuu zina mamlaka yake ya taifa, za mashambani zina mamlaka nyingine, na zilizosalia ni za kaunti. Mwaka wa fedha 2024/25 magavana na wabunge walishindania shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara, wakafikishana mahakamani. Mkulima aliye na gunia la majani meusi mkononi hatatusikiliza tukimweleza habari hizo, nasi hatumlaumu.

Hali kadhalika masoko. Jioni ya 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililokosa kusimama liliwaparamia wafanyabiashara na waendesha bodaboda kando ya barabara kuu, na zaidi ya watu 50 wakafa. Mahali pa kuuzia ni kazi ya kaunti. Kila Ijumaa tupitapo tukiwaona akina mama wameweka viazi na kabichi hatua chache kutoka kwa magurudumu, twajua ya kuwa hilo ni letu, si la mtu mwingine.

Kisha huja Jumamosi, nayo ni ya mazishi. Mara mbili, mara tatu kwa siku moja, na baina yake mchango wa kanisa au wa hospitali. Julai 2024 Rais alitangaza ya kuwa watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee, mialiko haikupungua. Bahasha hufunguliwa, jina husomwa kwa kipaza sauti, na kiasi hulinganishwa na cha aliyetangulia kusomwa. Hapa, wazee, ndipo tuliposema kuna hasara. Mwakilishi atoaye kila Jumamosi zaidi ya mshahara wake hana budi kuitafuta tofauti mahali pengine, na mahali pa karibu zaidi ni kwa mkandarasi. Mkandarasi aliyekwisha kumsaidia mwakilishi, Ijumaa hakaguliwi. Changarawe huwa nyembamba, kalvati hupasuka kabla ya mwaka kwisha, na lile gunia la majani hubaki njiani. Bahasha ya Jumamosi imelipwa na aliyepiga makofi iliposomwa.

Jumapili twaenda kanisani kama watu wote, na jioni simu huanza tena.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, Chama chetu tayari hukusanya rambirambi. Twaomba mchango wa mazishi ya mwanachama utolewe kwa jumla moja, usomwe kwa jina la Chama, na fedha ya mwakilishi, kama ya mwanachama mwingine yeyote, iingie humo bila kutajwa. Twaweza kuja kumzika mtu wetu, tukaketi na wafiwa, tukaondoka.

La pili, makadirio ya fedha za kaunti huletwa Bungeni kabla ya 30 Aprili, na sharti yapitishwe kabla ya 30 Juni. Kati ya tarehe hizo sheria yataka wananchi wasikilizwe. Katika kikao kilichopita cha wadi waliokuja walitosha benchi mbili, na siku ileile mazishi ya jirani yalijaza uwanja. Twaomba kila kokwet imchague mzee mmoja na mama mmoja, wapewe nauli na Chama, wafike kikaoni wakiwa na maandishi ya mambo matatu tu: barabara gani, zahanati gani, soko gani. Katibu ayatunze maandishi hayo, na mwaka ujao ayasome hapa kando ya kazi zilizofanywa.

Mapendekezo haya tumemkabidhi Katibu ili yaingizwe katika shughuli za mchana wa leo, nasi tutabaki ukumbini kwa ajili ya maswali.