Maneno ya Ugonjwa wa Kisukari



Leo tusome maneno ambayo mganga wa zahanati huyaandika kwenye cheti cha mgonjwa wa kisukari.

Neno la kwanza ni glukosi. Hii ndiyo sukari iliyomo katika damu. Wengi hudhani inatokana na chai tamu peke yake. Sivyo. Ugali, mihogo, wali na ndizi, vyote vikishasagwa tumboni huwa glukosi. Damu huipeleka mwili mzima, na ndiyo nguvu ya kulimia.

Neno la pili ni kongosho. Ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake moja ni kutoa insulini. Insulini ni kama ufunguo. Bila huo glukosi haiingii katika seli, yaani chembe hai za mwili, bali hubaki ndani ya damu. Ghala limejaa mahindi, na wenye nyumba wanalala njaa!

Kisukari cha aina ya kwanza, kongosho haitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Huwapata zaidi watoto na vijana, nao lazima wachomwe sindano za insulini kila siku. Kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, watoto hao walikuwa wakifa tu. Aina ya pili, insulini ipo lakini mwili hauitii, na baadaye kongosho nayo huchoka. Hii ndiyo ya watu wazima wengi.

Sukari ikizidi sana, figo hushindwa kuizuia. Hutoka kwenye mkojo na kuvuta maji. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa usiku kucha, ana kiu haiishi, tena anakonda na huku anakula. Majirani watasema amerogwa. Hakurogwa, apimwe! Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikionyesha milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, hicho ni kisukari.

Sukari hiyo ikikaa miaka katika damu huharibu mishipa midogo. Ikiharibu ya macho, mtu hupofuka. Ikiharibu ya figo, uchafu hubaki mwilini.

Lakini sisi wakulima tuitazame zaidi miguu. Neva ni mishipa ya fahamu, ile inayokuambia kwamba umechomwa. Ikifa, mtu hukanyaga mwiba asubuhi akalima nao mpaka jioni bila habari. Damu nayo haifiki vizuri kwenye mguu, basi kidonda hakiponi. Kinaoza. Hapo ndipo mganga huandika neno donda ndugu, na mara nyingi mguu hukatwa.

Kwa hiyo mgonjwa avae viatu hata shambani. Kila jioni atazame nyayo zake, na kama macho hayaoni vizuri, mjukuu amtazamie. Akikuta lengelenge au mchubuko asingoje uume, maana huenda usiume kabisa. Aende zahanati siku hiyo hiyo.