Kabla Hujanunua Mche wa Lailaki

Leo nazungumza nawe uliyehamia Marekani, Kanada au Ulaya, ukapata nyumba yenye uwanja, na kila Mei unasikia harufu tamu ikitoka kwa jirani. Hiyo ni lailaki. Kama imekukumbusha asumini ya nyumbani, hukukosea. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, na mzeituni ni ndugu yao.

Mlailaki wa kawaida asili yake ni vilima vya Balkani. Hufika hata mita 5 na huchipua ovyo shinani, basi usiupande chini ya dirisha. Aina zake nyingi nzuri zilizalishwa Nancy, Ufaransa, na Victor Lemoine. Alipoanza kazi hiyo, mwaka 1870, macho yake yalikuwa dhaifu na mikono ilitetemeka. Mkewe, Marie Louise, ndiye aliyepanda ngazi na kuhamisha chavua ua kwa ua. Aina nyeupe iliyotoka mwaka 1890, yenye petali za tabaka mbili, inaitwa Madame Lemoine.

Ipo pia Sensation. Shika shada lake ulitazame kwa karibu: kila petali ya zambarau imezungushiwa mstari mwembamba mweupe, kama kanga yenye pindo.

Lakini kwa uwanja mdogo, mimi nasema Miss Kim. Mbegu zake zilichumwa Korea mwaka 1947. Hukua polepole, huishia kama mita 2, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaochafua majani ya milailaki mingine, huusumbua kwa nadra. Ukiwa karibu na Rochester, jimbo la New York, nenda Highland Park mwezi Mei unuse kwanza. Huko kuna zaidi ya aina 500 za lailaki.

Panda penye jua la saa 6 kwa siku, na udongo usiotuamisha maji. Kisha sikiliza hili, maana linaniuma: watu hupogoa Oktoba, halafu wanalalamika mti hautoi maua. Vitumba vya mwakani hujitunga kiangazi hiki hiki. Ukikata Oktoba, umetupa maua ya Mei. Pogoa mara tu maua yanaponyauka.

Nawe unayenisikiliza Mombasa au Dar es Salaam, usiagize mche huu. Bila miezi ya baridi kali hautachanua. Panda asumini.