Kumukumbuka Askari wa Ng'ambo Aliyekufa Kwetu



Tulipokuwa tukitayarisha jubilei hii tulisoma kanisani majina ya wafu wa parokia. Kisha Misa, mama mumoja muzee wa Legio Maria akatuuliza: "Na wale watoto wa ng'ambo waliokufa hapa, nani anawaombea?" Tukakosa jibu.

Sisi wa umri wetu tuliikuta vita ile katika masimulizi ya wazazi. Ilianza siku ya posho, 13 Mei 1978, kesha ya Pentekoste. Askari wa FNLC walitoka Angola, wakapita Zambia, wakaushika muji wa Kolwezi. Watu waliuawa kwa mamia, weusi na weupe. Siku ya tano, 19 Mei, jua likielekea kushuka, ndege zilizotoka Kinshasa zikaleta askari wa Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, regimenti ya pili ya parashuti, ambayo kao lake ni Calvi, katika kisiwa cha Corsica. (Legio ni neno la Kilatini la jeshi, ndivyo tulivyofundishwa kwa seminari ndogo, lakini legio tuliyoizoea sisi ni ya wamama wenye rozari.) Waliruka na parashuti za Kiamerika wasizozizoea, juu ya muji wasioujua. Watano wa regimenti ile walikufa katika vita hiyo.

Legioni inapokea vijana wa inchi nyingi, tena inaruhusu mutu aandikwe kwa jina lingine. Kwa hiyo pengine jina alilofia askari si lile alilopewa kwa ubatizo.

Wengine kati yetu wanasema: walikuja kuokoa Wazungu na shaba, tusiwachanganye na wafu wetu. Neno hili hatulidharau. Mutu aliyemuzika baba yake bila sanduku ana haki ya kulisema. Lakini kijana yule hakuipima shaba ya mutu. Aliambiwa apande ndege, akapanda.

Na kuna lililo gumu zaidi. Wale waliotoka Angola, wengi wao walikuwa watoto wa inchi hii. Wakubwa wao walikimbilia kule kisha Katanga iliyojitenga kuanguka mwaka 1963. Ziko nyumba ambazo zinajua jina la mumoja wao, na tangu 1978 hazijalitamka kanisani.

Padri amekubali ombi letu. Siku ya 2 Novemba kitabu cha wafu kitawekwa mbele ya altare, na ukurasa mumoja utakuwa wa askari. Mulete majina. Asiyejua jina aandike tu: "askari wa ng'ambo". Hatutauliza alibeba bunduki ya upande gani. Wamama wa Legio watakaa na kitabu mulangoni tangu Misa ya kwanza, na asiyejua kuandika watamuandikia.